Gumba la Pili la Rukia

Jumatatu, 27 Januari

Madaftari thelathini na sita ya Kidato cha Nne. Nimesahihisha ishirini, nimechoka. Msichana mmoja ameandika kwamba jeni hukaa kwenye damu, na ukitiwa damu ya mtu utafanana naye. Nikamwekea alama kubwa ya kosa, kisha nikajuta. Hata mama yangu ndivyo anavyoamini. Miaka kumi na minane nafundisha Bayolojia mji huu wa Amu na bado kila kitu kinalaumiwa damu.

Rukia ana siku kumi leo. Mtoto wa kaka yangu Athmani na mkewe Saida. Wa kwanza wao, na wa kwanza nyumba hii tangu sisi wenyewe. Ananyonya vizuri, analala vizuri, ana sauti ya muadhini. Na amevishwa soksi mkono wa kulia peke yake. Joto hili! Wa kushoto uko wazi, unapunga hewa.

Chini ya soksi kuna magumba mawili. Moja la kawaida. Jingine limeota ubavuni mwake, dogo kidogo, lina ukucha, linajikunja. Nililiona saa ile ile aliyozaliwa, na nilifurahi. Niseme kweli, nilifurahi kama mwalimu kabla sijafurahi kama shangazi. Aibu ilikuja baadaye.

Soksi ni ya Mama. Anamwosha yeye, anamvisha yeye. Wageni wakiuliza, eti mtoto anajikwaruza. Siku ya saba, tulipompa jina, wanawake wa mtaa mzima walimbeba na hakuna aliyeuona mkono. Saida alikaa kitandani akitazama ukuta.

Jumatano, 29 Januari

Nimejua kwa nini ukuta unatazamwa. Mama anamwambia Saida kwamba amejitakia.

Kisa chenyewe: jirani yetu Bwana Shee anafuga kuku wa kuchi, wale warefu, wanaotembea kama wamekukopesha. Ana mtetea mmoja mwenye vidole vitano kila mguu badala ya vinne. Saida alimwona akiwa na mimba ya miezi mitano, akacheka mpaka akajishika tumbo. Mama alikuwepo. Akamwonya papo hapo: mja mzito hacheki kiumbe chenye kasoro, kitamrudia. Sasa kimerudi. "Si nalimwambia?" Leo nimelisikia hilo mara tatu kabla ya adhuhuri.

Nikamwambia Mama huo ni ujinga. Nilitumia neno hilo hilo. Akanitazama, akaniuliza mimi nimezaa wangapi. Anajua jibu. Niliachika bila mtoto na mwezi wa nane natimiza arobaini na mitatu.

Nimekula mkate mkavu chumbani. Sitaki mchuzi wake.

Ijumaa, 31 Januari

Baada ya sala ya Ijumaa nimekwenda kumwona huyo kuku. Bwana Shee alidhani nimekuja kununua, akaanza kunisomea nasaba yake mpaka kwa jogoo wa babu yake. Nikamwomba amshike tu nimtazame miguu.

Wallahi nywele zilinisimama. Kidole cha ziada kimeota upande wa ndani, kando ya kile cha nyuma. Upande wa gumba! Pale pale palipoota cha Rukia.

Kwa hiyo Mama ana ukweli nusu. Kuku na mtoto wanahusiana kweli. Ila si kwa kicheko.

Jumapili, 2 Februari

Nimesoma siku mbili. Najiandikia nisisahau, na kwa sababu hakuna mtu nyumba hii anayetaka kunisikiliza.

Kila seli ya mwili ina kitabu kile kile kizima cha jeni. Ya jicho, ya ini, ya ukucha. Tofauti ni kurasa zipi zinasomwa, wapi, na lini. Jeni ni kama taa, na nje yake, wakati mwingine mbali sana nayo, kuna swichi. Kuna jeni moja (jina lake la kizungu ni la kipuuzi, siliandiki) ambayo huwaka kwenye kijichipukizi cha mkono tumboni, upande wa kidole cha mwisho tu. Ndiyo inayoambia mkono huku ni kidole cha mwisho, kule ni gumba. Swichi yake ikibadilika hata herufi moja, taa inawaka kidogo na upande wa pili, na mwili unatii. Unaota kidole.

Swichi hiyo anayo binadamu. Anayo paka, ndiyo maana kuna paka wa vidole sita. Anayo kuku. Ni ile ile moja, tuliyorithi sote kutoka kwa kiumbe aliyekuwepo kabla yetu sote.

Na kwa nini swichi, si jeni yenyewe? Hapa ndipo nilipoinuka kitini. Jeni hiyo hiyo inahitajika kutengeneza ubongo, uti wa mgongo, mapafu. Ikiharibika yenyewe, mimba haifiki. Lakini swichi ya mkono ni ya mkono. Ikiguswa, kiumbe anaishi, anazaa, anarithisha. Wanyama wengi wamebadilika maumbo kwa ndia hiyo, swichi moja leo, nyingine baada ya miaka elfu. Wakati mwingine jeni zenyewe hubadilika, au hujinakili mara mbili na nakala ya pili ikapata kazi mpya. Lakini kwa mikono na miguu, aghalabu ni swichi.

Niko na furaha ya kijinga. Nimekula mchuzi wa Mama.

Jumanne, 4 Februari

Darasa bora mwaka huu. Niliwapa nyoka. Nyoka anayo jeni ile ile ya miguu, nikawaambia, ila swichi yake imekwisha kuharibika. Chatu bado ana vifupa viwili vidogo karibu na mkia, mabaki ya miguu. Wataalamu walimwekea panya swichi ya nyoka, akazaliwa na vikonyo badala ya miguu. Darasa zima likapiga kelele. Wa dawati la mbele akauliza kama mtu mwenye kidole cha ziada basi anageuka kuwa kitu kingine. Wakacheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia mtu mmoja hageuki kitu, hubaki mtu. Badiliko huanza kwa mmoja, na swali ni kama litadumu na kuenea kwa vizazi. Mengi hupotea. Mengine hukaa kimya tu, hayasaidii, hayadhuru.

Mwingine akauliza Mungu yuko wapi katika hayo. Lilikuwa linakuja, nililingoja. Nikamjibu kwamba mimi nafundisha ndia aliyoipitisha, sababu zake anazijua Yeye. Wakaridhika. Na mimi pia.

Jioni nimekaa na Saida kwa daftari. Nataka kuchora ukoo, nijue gumba limetoka wapi. Nimemuuliza wote wa kwao Faza: mama yake marehemu, mashangazi, wajomba, kaka zake wawili, watoto wao. Mikono ikoje? Miguu je? Kuna aliyefungwa uzi utotoni ili kidole kianguke? Ukurasa mzima umejaa. Hakuna kitu. Labda huko juu zaidi, kwa babu zake, maana watu wa zamani walikuwa wanaficha. Nimemwambia hivyo.

Alilia kidogo. Uchovu wa uzazi.

Alhamisi, 6 Februari

Mama amemwita Bi Esha mkunga aje afunge uzi. Vile vidole vidogo vinavyoning'inia, visivyo na mfupa, huwa wanavifunga na vinaanguka vyenyewe. Nilirudi kutoka shule nikamkuta tayari amekaa, uzi mapajani. Nilikuwa nimejiandaa kupigana.

Sikuhitaji. Bi Esha aliliminya gumba taratibu, akalikunja, akalikunjua. "Hili lina mfupa, Bi. Hili si la uzi." Mama akasisitiza. Bi Esha akarudisha uzi wake mfukoni, akasema mkono usioweza kuukata, ubusu, na akaubusu kweli, mwa! Nilitaka kumbusu yeye.

Lakini Mama hakumaliza. Bi Esha alipotoka, akasema mbele ya Saida kwamba arobaini ikipita, Saida akapumzike kwao Faza. Kupumzika! Mama yake amekufa, kuna kaka zake na wake zao. Mwanamke anayepelekwa kupumzika na mtoto mchanga huwa hana siku ya kurudi, hilo kila mtu mji huu analijua. Athmani alikuwa mlangoni, funguo za boti mkononi. Anavusha wageni kutoka uwanja wa ndege wa Manda mpaka Ras Kitau, anawachekesha kwa lugha nne. Kwa Mama hana hata moja. Akasema boti inamngoja, akatoka.

Nina hasira naye kuliko na Mama.

Jumatatu, 10 Februari



Nimerudi saa tisa. Mama alikuwa matangani mtaa wa pili. Rukia analia, na si kilio cha njaa, shangazi nisiye na mtoto nimekijua. Saida amembeba, anamtikisa, hanitazami. Nikaivuta soksi.

Uzi mweusi. Umezungushwa gumba dogo mara tatu na kukazwa. Kidole rangi ya zambarau.

Niliukata kwa mkasi wa kucha. Sijui niliwezaje bila kumchoma. Nikapiga kelele, nikamtukana Mama kwa jina lake, Allah anisamehe, mpaka Saida akasema, kwa sauti ndogo sana, "Ni mimi."

Nikauweka mkasi chini.

"Nalicheka mimi. Natengeneza mimi."

Kisha akasema lile ambalo litanikaa. "Hata wewe, Mwalimu, umetafuta kwetu tu."

Tulimpeleka hospitali mbio, mimi mtoto kifuani, yeye nyuma yangu, siku ya ishirini na nne ya uzazi na hajatoka nje tangu ajifungue. Damu ilikuwa imerudi kabla hatujafika. Daktari akasema tumewahi. Mfupa haukatiki kwa uzi, akasema, kinachokufa ni nyama, kisha kinaoza na mwili mzima unaugua. Tumepewa dawa ya kupaka. Kesho turudi apigwe picha ya mkono.

Nimelifungua daftari la ukoo. Ukurasa wa Faza umejaa. Ukurasa wa kwetu, hakuna hata jina. Sikuuliza! Miaka kumi na minane nawaambia watoto wa watu kwamba mtoto hupata nusu huku na nusu kule. Mimi na Mama tumefanya jambo moja, tofauti ni kwamba mimi nilishika kalamu.

Jumanne, 11 Februari

Athmani ameacha boti leo, amekuja mwenyewe. Alhamdulillahi, angalau hilo.

Mtoto hatulii, ikabidi Athmani amshikilie mkono juu ya sahani ya mashine. Mpiga picha, kijana mpole, akamtazama Athmani vidole, akamwambia Bwana, hebu na wewe weka mkono wako hapo.

Athmani ana magumba marefu. Yanajikunja sehemu mbili. Tulipokuwa wadogo alikuwa akinitisha nayo, anayakunja kama kaa, nami nakimbia. Miaka yote hiyo nakula naye sinia moja! Gumba la mtu lina vifupa viwili. La Athmani lina vitatu. Yote mawili. Nimeiona picha kwa macho yangu, na ya Rukia kando yake: gumba moja la vifupa vitatu, na la pili dogo lililoshikana nalo chini.

Ni swichi ile ile. Kwa mmoja inatoa gumba refu tu, kwa mwingine inatoa mawili. Baba na binti.

Ni kwetu. Nyani haoni kundule.

Nilimwomba Saida msamaha pale pale, kwenye benchi, watu wanapita. Akaniambia sawa. Si sawa bado, lakini amesema. Athmani alikuwa anakunja na kukunjua gumba lake kama alilopewa jana. Kisha akamshika mkewe mkono mbele za watu. Kwa huyo kaka yangu, hilo ni kama kupanda mimbari.

Daktari wa mifupa anayekuja mara moja moja kutoka Mombasa atamwona baadaye. Hakuna haraka. Mtoto akifika mwaka mmoja wataangalia gumba lipi lina nguvu zaidi, wazazi waamue. Ni mkono mzuri, amesema daktari wa hapa.

Jumatano, 12 Februari

Nimempa Mama habari na picha. Ameishika kinyume. Akasema basi ni ya upande wa baba yenu, marehemu, Mungu amrehemu, watu wake walikuwa na mambo. Nikamwambia namkumbuka Baba mikono yake, ilikuwa ya kawaida kabisa. Akasema usinitolee mato, kwa kuwa macho yalikuwa yamenitoka. Akaingia jikoni.

Saida amesema Faza atakwenda tu. Kaka yake atakuja na boti siku ya arobaini. Hataki kukaa mahali anapovumiliwa.  Ningekuwa yeye ningeondoka jana.

Jumamosi, 15 Februari

Asubuhi Mama alikuwa akikuna nazi uani. Akaniita. "Ndoo ukae." Nikaja, nikakaa. Akaendelea kukuna muda mrefu, nazi imebaki kifuu anakuna tu.

Kisha akanipa mkono wake wa kulia.

Kuna kovu kwenye shina la gumba. Nimelijua maisha yangu yote. Alitwambia ni la kuungua kikaango utotoni. Kila Idi, kila sherehe, analipaka hina nene kuliko pengine pote, na mimi mtaalamu wa Bayolojia sijawahi kuuliza kwa nini.

Alizaliwa na mawili. Nyanya yake alilifunga la pili uzi, nalo lilikuwa na mfupa. Halikuanguka. Liliuma, likavimba, likanuka, akapata homa wakamchimbia kaburi rohoni. Alikuwa na miaka minne, anakumbuka harufu. Mwishowe likakatwa na mtu aliyekuwa anatahiri watoto. Mama yake akamwapisha asimwambie mtu: nyumba yenye vidole vya ziada haitakiwi posa. Aliolewa na Baba bila kumwambia. Nilipozaliwa mimi, alitazama mikono kabla ya uso. Athmani vile vile. Akaona imepona, imeisha. Kisha akaja Rukia.

Nikamuuliza kwa nini Saida, Mama? Kwa nini umemtwika yeye?

Akasema alikuwa karibu.

Basi, hivyo tu. Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Mama analia kama mtoto, mdomo wazi, machicha ya nazi magotini. Nimemkumbatia. Sikumbuki mara ya mwisho.

Jumapili, 16 Februari

Anataka nimfichie! Nimkumbatie jana, leo aniapishe. Eti Saida asijue, mtaa usijue, mimi nimwambie tu Athmani amzuie mkewe asiondoke. Nimemwambia mficha uchi hazai. Akaniambia yeye amezaa, tena wawili. Nikacheka, akacheka, kisha tukagombana upya.

Sikuapa.

Jumatano, 19 Februari

Athmani amenipeleka Ras Kitau na boti, nimpigie hesabu za mafuta. Uongo, alitaka kuzungumza. Pomboo watatu walitupita. Nikamwambia ndani ya lile pezi mna mkono mzima, una vidole, na vidole vyake vina vifupa vingi kuliko vyetu, vingi kuliko hata gumba lako. Na pomboo akiwa tumboni huanza kuota miguu ya nyuma. Vinachipuka vijichipukizi viwili, kisha taa inazimika, vinayeyuka. Babu zake walitembea nchi kavu. Swichi zilibadilika, bahari ikawapokea.

Akafikiri kidogo. Akauliza, basi zile taa zilizozimwa zinaweza kuwaka tena?

Mara moja moja, nikamwambia.

Akasema anampenda mkewe na hajui amwambie nini Mama. Nimemwambia atangulie kumwambia mkewe, hilo la kwanza. La Mama nimelichukua mimi.

Jumatatu, 24 Februari

Begi la Saida liko tayari nyuma ya mlango. Nguo za mtoto zimekunjwa ndogo ndogo. Athmani amezungumza naye, naye amemjibu kwamba hana ugomvi na mume, ana ugomvi na soksi. Nimelipenda jibu hilo. Lakini atakwenda.

Nimempa Mama mpaka arobaini. Aseme yeye, au nitasema mimi mbele ya wageni wote. Amenitazama kama mtu aliyechomwa mwiba na mwanawe mwenyewe. Nimetoka kabla sijalegea.

Sijui kama nina haki hiyo. Siri ni ya mkono wake. Lakini anayelipa ni Saida.

Jumatano, 26 Februari

Arobaini.

Wanawake kama thelathini. Udi, halua, kahawa, kelele. Saida amependeza, uso umefungwa kama mlango. Kaka yake ameshafika, amekaa dakani nje na wanaume, boti yake iko gatini. Begi bado nyuma ya mlango.

Siku hii mtoto huzungushwa nyumba nzima, aonyeshwe vyumba na watu wake. Ni kazi ya nyanya. Mama alimchukua Rukia, akasimama mlangoni mwa chumba. Mimi nilikuwa nimejipanga na maneno yangu. Nikaona mkono wa Mama. Ulikuwa mtupu. Hina yote imesuguliwa, ngozi imekuwa nyekundu, sijui alisugua kwa kitu gani, majivu labda. Kovu liko wazi.

Akaivuta soksi. Akaitupa chini.

Mtu mmoja akasema subhanallah.

Mama akauinua mkono wa mtoto, na wake kando yake. "Huu mkono ni wa kwetu," akasema. "Mimi nalizaliwa nao. Wakanifunga uzi, kidogo nife. Nimenyamaza miaka sitini na tatu. Mwana wetu hafungwi uzi, wala hafichwi." Kisha akageuka. "Saida hakufanya kitu. Saida, mwanangu, nimekudhulumu. Nisamehe."

Nilikuwa nimeshika sinia la vikombe. Sijui nani alinipokonya.

Saida alilitazama begi nyuma ya mlango. Nikaona hapa ndipo tunapompoteza, mbele ya watu wote. Kisha akasimama, akaenda mpaka kwa Mama. Hakumchukua mtoto. Aliushika mkono wa Mama wenye kovu, akautazama vizuri, akauliza kama bado unauma.

"Kukiwa na baridi," Mama akasema.

Hapo Bi Esha akapiga kigelegele, na akina mama wote wakamfuata, na mmoja akasema mkono huu utamaliza pilau ya watu, na mwingine akasema siku ya harusi yake hina itaisha, na wote wakataka kuliona gumba, wanapokezana mtoto kama halua. Bikizee mmoja, jamaa ya Mama, alinong'ona kwamba dada yake marehemu naye alikuwa na kidole. Akanong'ona, kisha akasema kwa sauti.

Mama akamzungusha Rukia nyumba nzima. Huku ndani, huku uani, hapa babu yako alikuwa akisali. Wanawake nyuma yao.

Kaka yake Saida alikula, akashiba, akarudi Faza peke yake na beseni la pilau. Saida ndiye aliyemwambia arudi.

Ijumaa, 28 Februari

Kimya nyumbani leo. Mashuka yote yamefuliwa, yamejaa kwenye kamba. Nimesahihisha madaftari yote thelathini na sita. Msichana wa dawati la mbele ameandika vizuri kuhusu swichi, amekosea herufi mbili tu.

Mama ameniomba daftari la ukoo. Ametaja majina ya kwao mpaka kwa nyanya ya nyanya yake, nami naandika. Wengine hajui mikono yao ilikuwaje. Akaniambia niache nafasi.

Baada ya alasiri Saida alimkata mtoto kucha kwa mara ya kwanza, maana kabla ya arobaini hazikatwi. Walikaa mkekani yeye na Mama. Mama amemshika mtoto, Saida ameshika mkasi. Mkono wa kushoto ukaisha haraka. Kufika mkono wa kulia, Rukia aliamka, akaanza kuuvuta, na lile gumba dogo likawa linajikunja na kujificha nyuma ya kubwa. Mama akataka kumkazia mkono. Saida akamwambia amwache. Alingoja mtoto atulie, akaushika tena taratibu, akamalizia na lile dogo.

Mama akavikusanya vipande kwenye karatasi, akaenda kuvizika uani.